Kadi ya taulo haiwezi kuokoa maji ya Bariadi

Ukilala kwenye hoteli kubwa ya Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar, usishangae kukuta bafuni kadi ndogo yenye picha ya jani. Inakuambia kwamba ukilitundika taulo utakuwa umeyasaidia mazingira, na ukiliacha sakafuni litafuliwa. Kadi hiyo imekuwa kama kitambulisho cha hoteli "rafiki wa mazingira". Sasa ushauri wa aina hiyohiyo unashuka mpaka kwenye gesti zetu ndogo: weka kadi, badili balbu, funga sola, panda miti, kinga maji ya mvua, kisha andika "eco" kwenye kibao cha nje.

Ushauri huo si uongo. Tatizo lake ni kwamba uliandikwa kwa ajili ya hoteli nyingine, mahali pengine. Ukiuleta Bariadi kama ulivyo, unamfanya mwenye gesti atumie hela pale panapookolewa kidogo, na aache wazi pale panapopotea kingi. Hebu tuupitie kwa hesabu za sekondari tu, halafu msomaji uamue mwenyewe.

Kadi ilitoka wapi

Mwaka 1986 mwanamazingira Mmarekani, Jay Westerveld, aliandika insha kuhusu kadi za taulo alizoziona hotelini visiwa vya Pasifiki. Alichokisema ni rahisi: hoteli inajitangaza kuwa inaokoa mazingira, lakini kinachookolewa zaidi ni gharama zake za kufulia. Insha hiyo ndiyo iliyolipa Kiingereza neno linalotumika hadi leo kwa kampuni zinazojipaka rangi ya kijani bila kubadilika ndani.

Baadaye wanasayansi wakaipima kadi yenyewe. Noah Goldstein na wenzake walichapisha mwaka 2008 majaribio yaliyofanyika kwenye hoteli moja ya Marekani. Kadi ya kawaida, ile ya "okoa mazingira", iliwafanya asilimia 35.1 ya wageni watumie taulo tena. Kadi iliyosema kwamba wageni wengi wa hoteli ile hutumia taulo tena ilifikisha asilimia 44.1. Utafiti huo unasimuliwa sana madarasani. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Bohner na Schlüter waliporudia jaribio kama hilo Ujerumani na kuchapisha mwaka 2014, hawakuiona faida ile.

Lakini tuseme kadi inafanya kazi vizuri kabisa. Ina sharti moja ambalo halijaandikwa popote: mgeni awe anakaa zaidi ya usiku mmoja. Sasa niambie, nani analala gesti ya Bariadi? Dereva wa lori, mnunuzi wa pamba, mtumishi aliyekuja kikao cha mkoa, ndugu wa mgonjwa, muuza dawa za mifugo anayezunguka minada. Wengi wanaingia jioni na kuondoka alfajiri na basi la kwanza. Na tusijifanye hatujui, wapo pia wageni wa saa mbili. Kila anapoondoka mtu, shuka, foronya na taulo lazima vifuliwe. Hapo hakuna kadi itakayosaidia, na haitakiwi isaidie. Mwenye gesti anayeokoa maji kwa kutokufua mashuka anafuga kunguni tu.

Maji yanaenda wapi hasa

Kwenye suala la maji tunao utafiti wa hapahapa kwetu. Stefan Gössling alichapisha mwaka 2001 vipimo vyake vya matumizi ya maji ya watalii kwenye pwani ya mashariki ya Unguja. Kwa wastani mtalii mmoja alitumia lita 685 kwa siku. Ukitenganisha, hotelini ilikuwa lita 931 na kwenye nyumba ndogo za wageni lita 248. Na kwenye hoteli, karibu nusu ya maji yote yalikwenda kumwagilia bustani. Yaani maji yalikuwa yanaisha nje kwenye nyasi, huku kadi ikimsihi mgeni bafuni.

Sasa tuhesabu gesti ya Bariadi yenye vyumba 10, mgeni mmoja kila chumba, na kwa wastani vyumba 6 vinalaliwa kila siku. Makadirio yangu kwa mgeni mmoja: ndoo ya kuoga lita 20, choo cha kumwaga maji kwa kopo mara 4 kwa lita 3 ni lita 12, kufua kwa mkono mashuka mawili, foronya na taulo lita 30, usafi wa chumba lita 8. Jumla lita 70. Kwa wageni 6 ni lita 420 kwa siku, na kwa mwaka kama lita 153,000. Kama gesti yako ni tofauti, badili namba, lakini njia ya kuhesabu ni hiyohiyo.

Linganisha 70 na 248. Gesti ya ndoo na choo cha kuchuchumaa, ile ambayo watu wanaiita "ya kizamani", tayari inatumia maji chini ya theluthi moja ya nyumba ndogo ya wageni ya Unguja ya wakati ule. Lakini mifumo mingi ya kutunuku hoteli huangalia sana mtu amepunguza kiasi gani kutoka alipokuwa. Hoteli iliyokuwa inamwaga maji ovyo, ikapunguza robo, inapata cheti. Gesti ambayo haijawahi kuyamwaga haina cha kuonyesha. Huo ndio udhaifu wangu wa kwanza mkubwa kwa neno "kijani": linampongeza aliyepunguza na kumsahau ambaye hakuanza.

Mbaya zaidi, mwenye gesti akitaka "kupandisha hadhi" jambo la kwanza ni kung'oa choo cha kuchuchumaa na kuweka cha kukaa chenye tangi la lita 9. Mara 4 kwa siku ni lita 36 badala ya 12. Ongezeko la lita 24 kwa mgeni ni lita 144 kwa siku, na kwa mwaka ni zaidi ya lita 52,000. Shika namba hiyo kichwani, tutarudi kwake baada ya muda mfupi.

Chumbe ni pazuri, lakini Chumbe si Bariadi

Mfano unaotolewa mara nyingi Afrika Mashariki ni Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja. Na unastahili sifa. Kuna banda saba tu za wageni. Kila banda linakinga maji ya mvua kwenye paa lake na kuyahifadhi kwenye tangi lililo chini ya sakafu. Vyoo ni vya mboji, havitumii maji kabisa. Maji ya kuogea yanachujwa kwenye vitanda vya mimea kabla ya kurudi ardhini. Umeme ni wa jua. Ukitafuta jengo ambalo maneno na matendo yake yanalingana, hilo ni mojawapo.

Ila angalia kwa nini linafanya kazi. Kisiwa hakina bomba, kwa hiyo mhandisi alilazimika kuanza na mvua tangu msingi. Pwani ina mvua za vuli na masika, zinazogawa mwaka mara mbili. Na mgeni wa Chumbe analipa bei ambayo gesti ya mjini Bariadi haiwezi hata kuitamka.

Sasa njoo Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 na wenye watu zaidi ya milioni 2.1 kwa sensa ya 2022. Chukua paa la mita za mraba 150 na mwaka wa mvua wa milimita 700. Toa asilimia 20 inayoruka na kuvukia. Unapata lita 84,000 kwa mwaka, zaidi ya nusu ya mahitaji yetu ya lita 153,000. Kwenye karatasi inapendeza sana, na ndiyo hesabu ambayo muuzaji wa mifereji ya paa atakuonyesha.

Asichokuonyesha ni kalenda. Kiangazi kinachukua Juni mpaka Septemba, siku 122. Kwa lita 420 kwa siku unahitaji lita 51,240. Simtanki ya lita 5,000, ambayo ndiyo wengi wanaimudu, inaisha siku ya 12. Ili uvuke kiangazi chote unahitaji simtanki kumi na moja.

Na kiangazi cha Bariadi ndio msimu wa wageni. Pamba inauzwa miezi hiyo. Wanunuzi, madereva na wakulima wenye hela mkononi wanajaa mjini. Mwaka 2018, 2019 na 2020, maonesho ya kitaifa ya Nanenane yalifanyika viwanja vya Nyakabindi, mwezi wa nane, wakati udongo umepasuka kwa ukame. Gesti ikijaa vyumba vyote 10 inatumia lita 700 kwa siku, na simtanki yako inaisha kwa wiki moja. Chumbe wanaweza kuwiana na mvua yao. Bariadi mvua na wageni havikutani.

Je, hii maana yake tanki ni upuuzi? Hapana. Maana yake litumike tofauti. Mvua moja ya milimita 20 kwenye paa lile inaleta lita 2,400, kwa hiyo mvua mbili nzito zinajaza tanki, na zinazofuata zinamwagika. Anayelifunga tanki "akiba ya kiangazi" anapoteza maji mengi kuliko anayelitumia kila siku ya masika na kuacha lijae tena. Tumia maji ya mvua wakati wa mvua, yaache ya bomba na kisima yapumzike. Cha kuzingatia: mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwage, maana imeosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati.

Sasa ile namba. Choo cha lita 9 kinaongeza lita 52,000 na zaidi kwa mwaka. Kiangazi kizima kinahitaji lita 51,240. Kwa maneno mengine, uamuzi wa aina ya choo una uzito sawa na simtanki kumi na moja. Sijaona orodha ya "gesti ya kijani" inayoanza na choo. Zote zinaanza na taulo.

Balbu kumi na ndoo moja

Kwenye umeme mambo yanafanana. Ushauri namba moja ni balbu za LED. Ni ushauri sahihi, na karibu kila mtu ameshaufuata kwa sababu ndizo zinazouzwa dukani. Balbu 10 za wati 7, zikiwaka saa 5, zinakula yuniti 0.35. Kupasha ndoo moja ya lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 40 kunahitaji kilojuli 1,256, ambazo ni yuniti 0.35. Umesoma vizuri: taa za gesti nzima kwa jioni nzima ni sawa na maji moto ya mgeni mmoja.

AC nayo? Yenye kompresa inayovuta wati 800 na kufanya kazi asilimia 60 ya muda inakula kama yuniti 3.8 kwa saa 8, sawa na ndoo kumi na moja. Feni ya wati 60 kwa saa hizohizo ni chini ya nusu yuniti. Isitoshe, gesi iliyomo kwenye AC nyingi, R410A, ina nguvu ya kupasha dunia zaidi ya mara 2,000 ya hewa ukaa. Kilo moja ikivuja kwa fundi asiye makini ni kama umetoa tani mbili. Na Bariadi haiihitaji sana. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Bariadi iko juu zaidi, kwa hiyo usiku hupoa. Joto linalomsumbua mgeni saa nne usiku ni la bati lililochomwa mchana na kumpiga kichwani kwa sababu hakuna dari, au dirisha liko upande mmoja tu na upepo hauna pa kutokea. Dari, matundu ya hewa chini ya paa na dirisha la pili vinatibu ugonjwa wenyewe.

Lakini adui mkubwa hayuko kwenye mita ya LUKU. Yuko nyuma ya jiko: mkaa. Gesti nyingi maji ya asubuhi yanachemshwa kwenye jiko la mkaa. Mkaa una kama megajuli 30 kwa kilo, na jiko la kawaida linafikisha robo tu kwenye sufuria. Ndoo yetu moja inahitaji gramu 170 hivi. Wageni 6 ni kilo moja kwa siku, kilo 365 kwa mwaka. Tanuri la asili linahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kilo moja ya mkaa; tukichukua 7, gesti moja inachoma tani mbili na nusu za miti kwa mwaka, kwa ajili ya kuoga tu. Kwa umeme wa bei ya biashara, takriban Sh 356 kwa yuniti ukijumlisha kodi na tozo, ndoo hiyo ni kama Sh 125. Na umeme wenyewe unazidi kuwa wa maji: Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina megawati 2,115.

Kwa hiyo mwenye gesti anayefunga paneli za sola kuendesha balbu, huku mkaa ukiendelea kuwaka nyuma, amenunua picha. Akiwa na hela ya kitu kimoja cha jua, bora iwe hita ya maji ya juani kuliko paneli ya taa. Kama hana hela hiyo, hita salama ya umeme, yenye waya wa ardhini, inatosha. Ile ya kuchovya kwenye ndoo iachwe, imeshaua watu.

"Panda miti"

Ushauri wa kupanda miti nao tuutazame. Miche mitano ya mapambo uani, inayomwagiliwa kiangazi, ni kile kisa cha bustani za Unguja kwa udogo wake. Simiyu haina haja ya kufundishwa miti na kadi ya hoteli. Mwaka uleule wa 1986, Westerveld akiandika kuhusu taulo, Serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Bariadi, Maswa na Meatu wakati huo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. HASHI ilianza kwa vitalu vya miche, kisha ikagundua kwamba njia bora ilikuwepo tayari kwa Wasukuma: ngitili, eneo linaloachwa lipumzike ili majani na miti irudi yenyewe. Kutoka hekta 600 hivi, ngitili zilifika zaidi ya hekta 300,000. Gesti inayoacha mkaa inaisaidia ngitili zaidi ya inayopanda maua mlangoni.

Maji yanayotoka

Kuna jambo orodha hizi hazigusi kabisa: maji machafu yanaenda wapi. Sehemu kubwa ya Simiyu ina udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa pana. Masika unavimba na kuziba. Shimo la maji taka kwenye udongo huo lina tabia mbili mbaya. Kiangazi maji yanaweza kupita moja kwa moja kwenye nyufa bila kuchujwa, kuelekea kwenye maji ya chini ambayo jirani anayachota. Masika hayaendi popote, shimo linafurika uani. Kwa hiyo kila lita usiyoitumia inakusaidia mara mbili. Na hapa ndipo Chumbe ina la kutufundisha: kitanda cha mimea kilichojengewa chini na kujazwa kokoto na mchanga, kwa maji ya kufulia na kuogea tu, kinaweza kujengwa na fundi wa mtaani. Migomba inafanya kazi nzuri juu yake.

Nani anabeba ndoo?

Kuna mtu atasema ninaisifia shida. Ni hoja nzito. Lita 420 kwa siku ni ndoo 21, na kwenye gesti nyingi anayezibeba ni dada mhudumu, huyohuyo anayefua. Gesti yenye maji machache lakini inayomvunja mgongo binti mmoja haina haki ya kujiita kijani. Lakini ndoo na kuibeba ndoo ni vitu viwili tofauti. Tanki likiwekwa juu ya mnara na bomba likafika kila bafu, mgeni anajijazia mwenyewe. Ndoo inabaki, mzigo unaondoka. Hela iliyokuwa inunue vyoo vya lita 9 inafaa iende hapo.

Haya yanahitaji kusemwa sasa, kwa sababu hela ya kijani inakuja Simiyu. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria mkoani humu, pamoja na fedha za Ujerumani kupitia benki ya KfW. Mradi ulibuniwa kwa sababu ya ukame. Maji yale yakifika kwa wingi na kukuta kila gesti imeshaweka vyoo vya lita 9 na nyasi za kumwagilia, tutakuwa tumejenga bomba la mamilioni ili lirudishe upungufu uleule.

Ushauri wangu kwa mwenye gesti ni mmoja, na hauna gharama. Leo usiku, wageni wakishalala, soma mita ya maji. Isome tena saa kumi alfajiri kabla hawajaamka. Kama imetembea sana, una uvujaji: bomba linalodondosha tone moja kwa sekunde linapoteza lita 20 na ushee kwa siku, ndoo nzima ya mgeni, na tangi la choo lisilofunga vizuri linapoteza zaidi ya hapo. Kisha gawanya matumizi ya mwezi kwa idadi ya wageni kwenye daftari lako. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza hakikisha kibaba hakijatoboka. Ukishaijua namba hiyo, iandike kwenye kibao cha nje badala ya neno "eco". Mgeni ataelewa.